Kinga ya Tatu

Shangazi alikuja kukaa siku nne, akalala usiku mmoja. Asubuhi yake aliketi mezani na macho mekundu, akakoroga chai muda mrefu kuliko sukari ilivyohitaji, kisha akamuuliza kaka yake, "Hivi humu ndani mmefunga mashine ya kusaga nafaka, mkaona msiniambie?"

Wenye nyumba wakacheka. Shangazi hakucheka. Alikuwa amelala kitanda kimoja na binti wa kaka yake, na kwa maelezo yake, mtoto huyo alisaga meno tangu alipopata usingizi mpaka kulipokucha, krr, krr, krr. "Mpaka nikahisi yangu ndiyo yanakwisha," alisema. Mchana wa siku hiyo alifunga mkoba akahamia kwa rafiki yake, akaahidi kurudi siku watakapokifunga kiwanda.

Mshtakiwa alikuwa na miaka kumi na sita na nusu. Tangu utotoni walimwita Chiriku, kwa kuwa mdomo wake haukuwa na likizo. Alikuwa akisimulia hata ndoto ambazo hajaziota. Siku hizi jina lilikuwa limebaki lakini maneno yalikuwa yamepungua, na wazazi walidhani huo ndio ukubwa. Wazee wengi ndivyo walivyo. Mtoto akipiga kelele wanalalamika, akinyamaza wanasema sasa ameshika adabu, na hakuna anayekwenda kuchungulia adabu hiyo imetoka wapi.

Basi kama mtu anataka kusaga meno, asizaliwe katika nyumba ya fundi meno. Baba yake Chiriku ndiyo ilikuwa kazi yake. Hakuwa daktari, na alikuwa mwepesi wa kulisema hilo kabla hujamkosea. Daktari wa meno anashika kinywa cha mtu. Fundi anashika kilichotoka humo. Wanamletea alama ya kinywa cha mgonjwa, yeye anamimina ndani yake jasi, ule unga mweupe unaoganda ukichanganywa na maji, na baada ya saa moja ana sanamu ya meno ya mtu mkononi. Juu ya sanamu hiyo anapanga meno ya bandia, anayapika, anayapiga tupa, anayang'arisha. Alikuwa amefanya hivyo miaka ishirini na miwili katika chumba kimoja nyuma ya kliniki, chenye dirisha moja, mota mbili, na vumbi jeupe lililokaa juu ya kila kitu, redio ikiwemo.

Watu walitafuna kwa kazi yake, walicheka kwa kazi yake, wengine walichumbia kwa kazi yake, na hakuna hata mmoja aliyemjua kwa sura. Hilo halikumsumbua. Kilichomkera ni kazi kurudishwa. Kitu kikirudi kimevunjika, Fundi hakuuliza mengi. Alikitengeneza upya, kigumu zaidi. Kanuni hiyo ilimletea sifa, na alikuwa hajawahi kuona sababu ya kuitilia shaka.

Jumamosi iliyofuata alimkalisha Chiriku kwenye stuli ya karakana, akavuta taa karibu, akachukua kioo kidogo.

"Fungua. Zaidi. Kinywa hicho kilichokuwa kinatuzuia kusikia taarifa ya habari leo hakifunguki?"

Chonge zilikuwa zimekatika ncha. Magego yalikuwa bapa. Pande za ndani za mashavu zilikuwa na mstari wa jeraha, alama ya kung'atwa kila siku palepale. Alipogusa taya chini ya sikio, alikuta msuli umevimba na kukakamaa.

"Panauma?"

"Kidogo. Asubuhi."

"Na kichwa?"

"Kidogo."

"Mbona hukusema?"

Chiriku aliinua mabega. "Si ni kidogo, baba."

Hapo ndipo angepaswa kusimama. Neno moja limetajwa mara tatu na mtoto aliyekuwa hajui kusema jambo kwa kifupi; mzazi mwingine pengine angeliokota. Lakini Fundi alikuwa ameshaona kazi. Alikuwa tayari anachanganya unga, anafikiria unene na mwinuko, na moyo wake ulikuwa umechangamka. Kumtengenezea mwanawe kitu kwa mikono yake, baba gani asingefurahi?

Kinga ya kwanza ilikuwa laini, yenye kuonyesha upande wa pili, ya kuvaliwa meno ya juu wakati wa kulala. Baada ya wiki tatu Chiriku aliirudisha imetobolewa kwenye gego la kushoto. Fundi aliinyanyua dirishani akachungulia lile tundu kwa uchungu wa mtu aliyevunjiwa duka.

Ya pili aliitengeneza nene na ngumu. Ilidumu wiki tano, ikapasuka katikati.

Katika wiki hizo mengine nayo yalikuwa yakijitokeza. Tumbo lilimsokota asubuhi kabla hajanywa chai. Mwalimu wake aliandika kwamba analala darasani, tena kipindi cha kwanza, wakati hata wavivu bado wako macho. Alipoteza daftari, akalikuta kwenye friji. Siku moja mama yake alimwambia aongeze maji kwenye birika, akaangua kilio, na alipoulizwa analia nini, akasema hajui, na kweli uso wake ulikuwa wa mtu asiyejua.

Mama yake alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, mwenye sauti iliyozoea watoto hamsini, na mwenye presha. Vidonge vyake vilikaa kando ya sukari ili asivisahau. Usiku alilala na pamba masikioni, kwa kuwa mumewe akikoroma dirisha linatikisika. Hivyo krr krr ya shangazi hakuwa ameisikia hata mara moja. Naye Fundi akishaweka kichwa kwenye mto, hata ungemhamisha nyumba angeamka salama kwa jirani.

"Ni mtihani," alisema mama.

"Ni mtihani," alikubali baba.

Mtihani wa mwisho ulikuwa umebaki miezi minane, na ni kapu zuri sana. Kila kinachomsibu mtoto wa umri ule kinaingia humo, na kifuniko kinafunga. Walimpunguzia kazi za nyumbani. Walimnunulia matunda. Walimnyang'anya simu, wakamrudishia walipoona hali ni ileile. Walimkataza kusoma baada ya saa tatu usiku, akatii, akaenda kulala mapema na kuamka amechoka kuliko alivyolala. Shuleni wakampeleka kwa mwalimu wa ushauri, mama mmoja mpole, akamfundisha kufumba macho na kuhesabu pumzi: vuta kwa nne, shusha kwa nne. Wanafunzi wenzake waliosongwa na mawazo walisema inawasaidia sana. Chiriku alijaribu mara mbili, ya tatu akakataa kwenda. Alipoulizwa, alisema zoezi ni zuri ila yeye haliwezi.

Fundi alipiga moyo konde akatengeneza kinga ya tatu. Safari hii alitumia ile plastiki ngumu ya meno ya bandia yenyewe. Alifanya kazi siku mbili baada ya saa za kazi, akaipiga tupa, akaipiga msasa, akaing'arisha hadi ikateleza vidoleni. Alipomaliza alijipigia mluzi. Hii, alijiambia, hata simba asingeipasua.

Kinga inayokwenda kinywani sharti ivalishwe na daktari. Daktari wa kliniki ile alikuwa mwanamke aliyezidiwa umri na Fundi kwa miaka kumi na zaidi, asiyependa maneno mengi, na mwenye desturi ya kumtania kwamba yeye ndiye mke wake wa kazini kwa jinsi wanavyogombana. Chiriku alifika baada ya shule na sare yake, akalala kwenye kiti. Daktari alimpapasa mataya kwa muda. Akamwambia afungue kinywa awezavyo. Mtu mwenye afya anaingiza vidole vyake vitatu vikiwa vimesimama. Chiriku vilimwingia viwili, na machozi yakamtoka.

Daktari alimfuta, akamsifu kwa uvumilivu, akampeleka akae kwenye benchi la nje. Kisha akafunga mlango, akaichukua ile kinga, akaigeuzageuza kwenye mwanga.

"Leo siiweki hii."

"Imekosea wapi?"

"Haijakosea popote. Ni kazi safi kuliko zote ulizowahi kuniletea. Ya kwanza ametoboa, ya pili amepasua. Hii haitapasuka. Sasa zile nguvu zitakwenda wapi, Fundi?"

Fundi alijifuta vumbi la mikono kwenye suruali.

"Kinga ni nzuri, itamwokolea meno, na nitaiweka. Lakini kwanza misuli ilegee. Wiki nzima ale vyakula laini. Kitambaa cha maji ya moto hapa na hapa, asubuhi na jioni. Mchana ajizoeze: midomo imefungwa, meno yameachana. Jioni atembee, acheze kamba, atoke jasho, asikae tu kukumbatia daftari. Hayo ni yangu mimi. Lako wewe ni kuniambia mtoto anasaga nini."

"Ni mtihani, Daktari. Wote wako hivyo mwaka huu."

"Umemuuliza?"

"Tumemuuliza. Anasema ni kidogo."

Daktari alivuta kiti akakaa, jambo ambalo Fundi hakuwa amemwona akilifanya saa za kazi. "Sikiliza. Kijana akielemewa, wakati mwingine hata mwenyewe hajui aanzie wapi kusema. Basi mwili unasema. Mwingine tumbo, mwingine vipele, mwingine nywele zinanyonyoka, mwingine halali, mwingine analala mpaka mnadhani ni mvivu. Wako anasema kwa meno, mbele ya baba anayesoma meno tangu hajazaliwa. Na wewe unampa kitu kigumu cha kung'ata. Ilianza lini?"

"Kama miezi mitatu."

"Tangu shangazi alipoisikia, au tangu ilipoanza? Meno haya hayajaisha kwa miezi mitatu. Hilo unalijua kuliko mimi."

Fundi aliondoka pale akiwa amekasirika, na hasira yake ilikuwa ya mtu aliyeambiwa kweli. Aliingia karakana, akafunga mlango.

Watu huweka picha za watoto wao. Fundi, kila siku ya kuzaliwa ya Chiriku tangu alipong'oka jino la kwanza, alichukua alama ya kinywa chake, akamimina sanamu, akaandika umri kwa penseli chini yake. Zilikuwa kwenye rafu juu ya karo la kunawia, kumi na moja, kuanzia meno ya utoto yenye mapengo. Wageni wakizikuta walitishika. Yeye aliziona ni kitu kizuri kuliko vyote alivyokuwa navyo, na kama kawaida ya vitu vizuri, hakuwa amezitazama kwa makini muda mrefu.

Sasa alizishusha. Alifuta vumbi kila moja kwa kidole gumba. Ya miaka kumi na nne: chonge zina ncha kali, mabonde ya magego yako wazi. Ya kumi na tano: ncha zimekwisha kuwa butu. Alikuwa ameimimina mwenyewe, ameandika umri mwenyewe, akairudisha kwenye rafu. Ya kumi na sita: bapa.

Alikaa kwenye stuli na zile sanamu mbili za kwanza mapajani. Mwaka ule kati ya kumi na nne na kumi na tano mtihani ulikuwa mbali. Shule ilikuwa ileile. Nyumba ileile. Hakuna aliyekufa, hakuna aliyehama. Kulikuwa na nini? Alijiuliza hivyo mara kadhaa, mpaka kikohozi kikamshika, kile kikavu cha jioni, akainama akakohoa mpaka kikaisha, akajifuta macho. Ndipo akakumbuka.

Ilikuwa wakati wa likizo. Alikuwa na kikohozi kisichosikia dawa, akaenda hospitali kubwa kupigwa picha ya kifua, na kwa kuwa Chiriku hakuwa na la kufanya nyumbani, akaenda naye. Daktari wa kifua alimwambia vumbi la miaka mingi limekaa kwenye mapafu. Halitoki, lakini linaweza kuzuiwa lisizidi: avae barakoa, aweke feni ya kutoa vumbi nje, arudi kila baada ya miezi sita. Fundi alitoka na bahasha kubwa mkononi, akamkuta binti yake kwenye benchi la korido, na uso wa mtoto ulimwuliza swali kabla mdomo haujafunguka. Akamwambia. Alihitaji kumwambia mtu, na yeye ndiye aliyekuwepo.

"Mama yako asijue," alisema. "Presha yake itapanda bure. Hii iwe siri yetu wawili, wewe si mtu mzima sasa? Ila chumba chako na chetu vimetenganishwa na ukuta mmoja tu. Ukisikia nakohoa sana usiku, uje uniamshe."

Kisha akamnunulia soda, wakarudi nyumbani. Alinunua barakoa na feni. Kikohozi kilipungua. Miezi sita ilipita na hakurudi hospitali, kwa kuwa alijiona mzima. Baada ya mwaka hata bahasha hakukumbuka ameiweka wapi. Aliweka mzigo chini, akasahau kwamba kuna mtu alikuwa ameupokea.

Alimwita Chiriku ndani. Akazima mota zote mbili na redio.

"Mama," alisema, kwani ndivyo alivyomwita anapokuwa hana utani, "usiku huwa unanisikiliza?"

Msichana alitazama zile sanamu mezani, akatazama mlango.

"Sisikilizi makusudi," alisema. "Uliniambia ukikohoa sana nikuamshe. Hukuniambia sana ni ngapi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nahesabu."

Fundi alishika ukingo wa meza.

"Mwanzoni nilisema zikifika kumi nitakuja. Zikafika kumi, nikaogopa kuja, mama angeuliza nataka nini. Nikasema ishirini. Halafu nalala huku nasubiri. Yaani nimelala lakini kuna mtu ndani yangu amekaa." Maneno yalikuwa yameanza kutoka upesi, yale ya zamani, yanakanyagana mlangoni. "Shuleni mwalimu alinifundisha kuhesabu pumzi, eti nitatulia. Nitamwambiaje kwamba hiyo ndiyo kazi yangu ya usiku? Nikifumba macho nikahesabu nne, nakusikia wewe. Na kukohoa si kubaya sana, baba. Ukikohoa najua upo. Ukinyamaza ndiyo mbaya zaidi."

Hakulia. Aliyelia ni Fundi. Alilia vibaya, kwa aibu, na vumbi la mikono likamchafua uso kila alipojifuta. Aibu yake haikuwa ya machozi. Ilikuwa ya miaka miwili ya kumwona mtoto wake amechoka na kumwambia ajikaze.

"Nilikosea," alisema. "Ile haikuwa kazi ya kumpa mtoto. Nisamehe, mwanangu."

"Mama atajua?"

"Leo hii."

"Na presha yake?"

"Presha yake ina vidonge. Wewe tulikuwa hatukupi chochote."

Walirudi nyumbani kwa miguu, njia ya nusu saa. Chiriku alibeba mkoba wa baba yake na baba akabeba wa shule. Njiani Fundi alifunga midomo na kuachanisha meno, kujaribu lile zoezi la Daktari, akashangaa kugundua kwamba hata yake yalikuwa yamebanana.

Mama alikuwa mezani anasahihisha madaftari, kalamu nyekundu mkononi, rundo moja kulia na jingine kushoto. Fundi hakukaa. Alimweleza akiwa amesimama: picha ya kifua, vumbi, korido, siri, miezi sita aliyoiruka mara nne. Alimweleza kuhusu kuhesabu. Hakutia chumvi wala hakuipunguza.

Mama aliweka kalamu chini na kuifunika kofia yake.

"Miaka miwili," alisema.

"Miaka miwili."

"Mkanihurumia. Mkakaa kikao bila mimi, mkaamua mimi siwezi kuambiwa. Watoto hamsini wananizomea kila siku na sijafa, lakini kikohozi cha mume wangu ndicho kingeniua." Sauti ilikuwa chini, na wote wawili waliogopa zaidi kuliko kama angepiga kelele. "Wewe, Jumatatu tunakwenda hospitali. Nitaomba ruhusa. Mengine yako nitakuambia ukishapona, nisije nikampiga mgonjwa."

"Sawa," alisema Fundi.

"Sikukuuliza kama ni sawa."

Kisha akageuka kwa binti yake. Chiriku alikuwa ameegemea ukuta, ameshika kiwiko kwa mkono wa pili, akisubiri zamu yake ya kugombezwa. Mama alivuta kiti cha pembeni yake.

"Njoo ukae. Nieleze yote unayoyajua."

"Yapi?"

"Ya kukohoa kwake. Mimi sijui hata moja."

Chiriku alikaa. Alianza polepole, akiwatazama kwa zamu, kisha akaendelea bila kumtazama yeyote. Alisema baba akilala chali anakohoa zaidi, akilala ubavu wa kulia anatulia. Alisema usiku wa kuamkia Jumapili ni mzuri kwa sababu Jumamosi anafanya kazi nusu siku. Majira ya baridi zinafika kumi na nane, mara moja zilifika ishirini na sita, hiyo ilikuwa wiki ya mitihani ya muhula na alisimama nyuma ya mlango wao mpaka zikaisha. Kuna kikohozi kikavu, hicho ni cha kawaida. Kuna kile chenye mlio mwishoni, hicho ndicho cha kuangalia. Mito miwili ni bora kuliko mmoja. Mama atoe pamba sikio moja tu, la upande wa baba. Na baba akisema amepona, asimwamini, kwani huwa anasema hivyo siku zile mbaya.

Fundi alisikiliza akiwa amesimama palepale. Hakuna daktari aliyewahi kumjua mgonjwa wake namna ile. Alitamani akatishe, aseme basi inatosha, lakini mkewe alimnyooshea kidole bila kumtazama, naye akatulia.

"Mengine?" mama aliuliza.

"Basi."

"Hakikisha."

"Ni hayo tu, mama."

"Haya. Nimepokea. Kuanzia leo kukohoa kwa huyu ni kazi yangu, mimi ndiye niliyeolewa naye. Wewe usiku kazi yako ni kulala. Ukishindwa kulala njoo utuamshe sisi, wote wawili, hata kama huna sababu. Umenielewa?"

Chiriku alitikisa kichwa kukubali. Aliinuka, akasimama kidogo katikati ya chumba, mikono haijui iende wapi. Akaenda chumbani kwake. Wazazi walisikia kitanda kikilia, kisha hatua, na mlango ukafunguka tena.

"Mama."

"Naam."

"Na akinyamaza?"

Mama alimtazama mumewe, akautazama ukuta uliotenganisha vyumba viwili, akamtazama mtoto aliyelala nyuma ya ukuta huo miaka miwili akisubiri sauti.

"Akinyamaza nitanyoosha mkono nimguse," alisema. "Mimi nalala hapo hapo, mwanangu. Wewe ulikuwa na ukuta."

Mkono wa Chiriku ulikuwa bado kwenye kitasa.

"Ehe," alisema, "kumbe." Akarudi ndani, akalala na sare yake ya shule saa kumi na mbili jioni, na hakuna aliyemwamsha kula.